Daktari anaposema upunguze uzani: Miezi mitatu ya kwanza kwa mkazi wa Nairobi

KATIKA zahanati na hospitali nyingi za jijini Nairobi, ushauri huu hutolewa kwa maneno machache mno. Mgonjwa aliyefika kwa sababu ya maumivu ya goti, kizunguzungu au kikohozi hupandishwa kwenye mizani, hupimwa shinikizo la damu, kisha daktari humwambia huku akiandika: "Ni lazima upunguze uzani." Foleni ni ndefu na mgonjwa mwingine tayari yuko mlangoni. Aliyeshauriwa hutoka na karatasi ya dawa mkononi na sentensi moja kichwani, asijue aanzie wapi.

Yanayofuata yanajulikana. Kuna anayeacha chajio kwa wiki moja kisha akashindwa na njaa. Kuna anayenunua majani ya chai ya "kusafisha tumbo". Kuna anayelipa ada ya mwaka mzima katika ukumbi wa mazoezi na kufika huko mara nne. Na kuna asiyefanya lolote hadi siku ya kliniki nyingine, ambapo huambiwa maneno yale yale, safari hii akiongezewa tembe.

Makala haya yanaeleza jinsi ushauri huo unavyoweza kugeuzwa kuwa kazi ya kila siku, kwa kuzingatia chakula, usafiri na desturi za mtu anayefanya kazi katikati ya jiji na kuishi upande wa magharibi: Kangemi, Kawangware, Riruta, Dagoretti, Kilimani au Westlands. Jambo kuu la kushika ni kwamba lengo la kwanza ni dogo kuliko wengi wanavyodhani, na ndilo lenye faida kubwa kwa afya.

Tatizo linavyokua

Unene wa kupita kiasi hauwahusu matajiri pekee. Utafiti wa kitaifa kuhusu magonjwa yasiyoambukiza uliofanywa mwaka 2015 ulionyesha kuwa asilimia 27 ya Wakenya wa umri wa miaka 18 hadi 69 walikuwa na uzani uliozidi au unene wa kupindukia. Miongoni mwa wanawake, kiwango kilikuwa asilimia 38.5, na wanaume asilimia 17.5. Takriban mtu mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu.

Takwimu za utafiti wa idadi ya watu na afya zinaonyesha mwelekeo huo huo. Mwaka 2008-09, robo ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzani uliozidi au unene. Kufikia mwaka 2014 kiwango hicho kilikuwa asilimia 33. Katika utafiti wa mwaka 2022, ambao kwa kipimo hiki uliangazia wanawake wa miaka 20 hadi 49, kilikuwa asilimia 45.

Mchango wa maisha ya mjini katika jambo hili umejulikana kwa muda mrefu. Mwaka 1990, jarida la madaktari la Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha utafiti wa Neil Poulter na wenzake, ambao waliwafuatilia watu wa jamii ya Waluo waliohama kutoka mashambani na kuja Nairobi, wakawalinganisha na waliosalia nyumbani. Shinikizo la damu la waliohamia jijini lilikuwa juu kuliko la wenzao, na tofauti hiyo ilianza kuonekana mapema, katika mwezi wa kwanza. Uzani wao pia ulikuwa juu, na vipimo vya mkojo vilidhihirisha kuwa walikuwa wakila chumvi nyingi zaidi na potasiamu kidogo zaidi. Potasiamu hupatikana kwa wingi katika mboga, matunda na maharagwe, vyakula ambavyo mhamiaji huviacha nyumbani anapoanza kuishi kwa chai, mkate na vya kukaanga.

Nambari nne za kuuliza

Sentensi ya daktari huwa na maana zaidi inapoandamana na nambari. Kabla ya kuondoka kliniki, mgonjwa ana haki ya kuuliza nne, na kuziandika.

Ya kwanza ni uwiano wa uzani na kimo. Uzani kwa kilo hugawanywa kwa kimo kwa mita kilichozidishwa kwa chenyewe. Matokeo ya 18.5 hadi 24.9 huhesabiwa kuwa ya kawaida. 25 hadi 29.9 ni uzani uliozidi. Na 30 kwenda juu ni unene wa kupindukia. Kwa mfano, mwanamke wa kimo cha mita 1.60 mwenye kilo 86 ana kiwango cha 33.6.

Ya pili ni mzunguko wa kiuno. Mafuta yanayojikusanya tumboni, kuzunguka ini na matumbo, ndiyo yenye hatari kubwa zaidi kwa moyo na kwa ugonjwa wa kisukari. Kulingana na Shirika la Afya Duniani, WHO, hatari huanza kuongezeka kiuno kinapozidi sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume, na huwa kubwa zaidi kinapopita sentimita 88 na 102. Utepe wa fundi wa nguo unatosha kwa kazi hii, na nyumba isiyo na mizani inaweza kutegemea kipimo hiki pekee.

Ya tatu ni shinikizo la damu. Kiwango cha 140 kwa 90 au zaidi, kikirudiwa siku tofauti, huhesabiwa kuwa ugonjwa. Ya nne ni sukari ya damu. Mtu aliyefunga kula usiku kucha akipatikana na 7.0 au zaidi, kwa kipimo kinachotumika nchini, huchunguzwa tena ili kuthibitisha kama ana kisukari.

Si lazima vipimo hivi vifanyiwe hospitali kubwa. Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 kote nchini, na miongoni mwa vifaa walivyopewa ni mizani, mashine ya kupima shinikizo la damu na kifaa cha kupima sukari.

Lengo la kwanza ni asilimia tano

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Yule mwanamke wa kilo 86, akitaka kufikia kiwango cha kawaida, atahitaji kushuka hadi chini ya kilo 64. Hizo ni kilo 22. Akiambiwa hivyo siku ya kwanza, ama atakata tamaa au atajinyima chakula hadi ashindwe.

Lakini faida haisubiri kilo 22. Madaktari wanakubaliana kwamba kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzani wa mwanzo hutosha kushusha shinikizo la damu, kuboresha sukari na mafuta ya damu, na kupunguza mzigo kwenye magoti. Kwa mwanamke huyo, asilimia 5 ni kilo 4.3.

Ushahidi mmojawapo mkubwa ulitoka Marekani mwaka 2002. Watafiti waliwachukua zaidi ya watu 3,000 ambao sukari yao ilikuwa imepanda lakini haijafikia kisukari. Kundi moja lilisaidiwa kupunguza asilimia 7 ya uzani na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki. Jingine lilipewa dawa ya metformin. La tatu lilipewa tembe zisizo na dawa ndani. Baada ya takriban miaka mitatu, kundi la kwanza lilikuwa limepunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58 likilinganishwa na kundi la tatu. Waliotumia dawa walikuwa wamepunguza kwa asilimia 31.

Kwa hivyo, lengo la busara kwa miezi mitatu ya kwanza ni asilimia 5, sawa na takriban theluthi moja ya kilo kwa wiki. Ni mwendo wa pole, lakini haba na haba hujaza kibaba. Mtu asishangae akipoteza kilo mbili wiki ya kwanza kisha mwendo ukapungua. Sehemu kubwa ya upungufu wa mwanzo huwa ni maji.

Chai ya saa nne

Katika ofisi za katikati ya jiji, kuanzia Barabara ya Harambee hadi Barabara ya Moi, saa nne ya asubuhi ni saa ya chai. Huja ya maziwa, yenye sukari, pamoja na mandazi au mkate uliopakwa siagi. Mtu aliyetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri ili kuepuka msongamano wa magari katika Barabara ya Waiyaki au ya Ngong hujikuta amekunywa vikombe vinne kabla ya jua kutua.

Hesabu yake ni rahisi. Kijiko kimoja kidogo cha sukari kina takriban gramu 4, sawa na kalori 16. Vikombe vinne vyenye vijiko vitatu kila kimoja ni gramu 48. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2015 unataka sukari iliyoongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu zote zinazotokana na chakula, na ikiwezekana ishuke hadi nusu ya hapo, ambayo ni takriban gramu 25 kwa siku. Mnywaji huyo amepita kiwango hicho bora karibu mara mbili, na bado hajanywa soda. Chupa ya soda ya mililita 300 huwa na gramu 30 hivi.

Kwa sababu hiyo, chai ndiyo mahali pazuri pa kuanzia. Si lazima iachwe. Vijiko vitatu vikishuka hadi viwili wiki ya kwanza, kisha kimoja wiki ya tatu, ulimi huzoea. Ambako chai hupikwa pamoja na sukari katika birika moja, itabidi mtu aombe ya kwake isitiwe, au abebe chupa yake ya moto. Asali na sukari ya kahawia hazileti nafuu yoyote, kwani mwilini hufanya kazi ile ile. Sharubati ya matunda iliyokamuliwa nayo si sawa na tunda lenyewe, kwa kuwa nyuzinyuzi zinazoshibisha huwa zimeachwa kwenye kichujio.

Sahani ya mchana na ya usiku

Mwongozo wa kitaifa kuhusu lishe bora na mazoezi ya mwili uliotolewa na Wizara ya Afya mwaka 2017 hauhitaji vyakula vya kigeni. Njia rahisi ambayo wataalamu wa lishe hutumia ni kugawanya sahani: nusu iwe mboga, robo iwe ugali, wali, chapati au viazi, na robo nyingine iwe nyama, samaki, mayai, maharagwe au ndengu.

Katika vibanda vingi vya chakula mpango huu umepinduliwa. Ugali hujaza nusu ya sahani au zaidi, nayo sukuma wiki huwekwa pembeni kama pambo. Mteja hahitaji kubadilisha kibanda. Anahitaji kuagiza tofauti. Ugali nusu na mboga mbili ni agizo ambalo mama wa kibanda atalielewa bila maelezo. Chapati moja na maharagwe, badala ya mbili, pia ni hatua. Githeri isiyokaangwa kwa mafuta mengi ni mlo mzuri, kwa kuwa maharagwe hushibisha kwa muda mrefu.

Wengi huamini kwamba ugali wa unga wa kusagisha, ule usiokobolewa, haunenepeshi. Hilo si kweli kamili. Gramu 100 za unga wa mahindi, uwe umekobolewa au la, zina kalori zinazokaribiana, takriban 350. Ubora wa ule usiokobolewa ni nyuzinyuzi zake, ambazo humfanya mtu ashibe upesi na sukari ya damu isipande ghafla. Akila vipande viwili vikubwa kwa kuamini kuwa ni dawa, faida hiyo hupotea.

Mafuta ya kupikia ndiyo yanayosahaulika zaidi. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ilhali gramu moja ya wanga au protini ina 4. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta, ya aina yoyote, kina takriban kalori 120. Mpishi anayemimina mafuta sufuriani kwa kukadiria hawezi kujua ametia vijiko vingapi. Anayetumia kijiko anajua. Familia inayonunua mafuta ya kupimiwa dukani itagundua pia kwamba kijiko huokoa pesa.

Jumla ya mambo haya madogo ni kubwa. Kupunguza vijiko vinane vya sukari kwa siku huondoa takriban kalori 130. Kuacha soda moja huondoa nyingine kama hizo. Kijiko kimoja cha mafuta huondoa 120. Hizo ni karibu kalori 400, ambazo kwa miezi mitatu zinatosha kumfikisha yule mwanamke karibu na kilo nne alizopangiwa, hata bila kukaa na njaa.

Kwa upande wa mboga, mkazi wa magharibi ya jiji ana bahati. Masoko ya Kangemi na Kawangware hujaa sukuma wiki, terere, managu, kunde na sagaa kila siku. Hata hivyo, utafiti wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa asilimia 94 ya Wakenya walikuwa hawali kiasi cha matunda na mboga kinachopendekezwa na WHO.

Pombe isisahauliwe. Chupa ya bia ya nusu lita ina takriban kalori 200. Tatu za Ijumaa jioni, zikisindikizwa na nusu kilo ya nyama choma, zinaweza kufuta akiba ya siku nzima au mbili.

Mazoezi ya miguu

Mwaka 1953, daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi jijini London. Madereva, ambao walikaa kitini siku nzima, walipatwa na ugonjwa wa moyo zaidi kuliko makondakta, ambao walipanda na kushuka ngazi za mabasi ya ghorofa. Walikuwa katika gari moja, lakini miili yao haikufanya kazi sawa.

Nairobi ina watu wa namna zote mbili. Maelfu hutembea kila alfajiri kutoka Kawangware na Kangemi kwenda vibaruani, kwa kukosa nauli. Mtu wa aina hiyo hahitaji kuambiwa atembee. Shida yake, akiwa mnene, iko zaidi katika sahani na kikombe. Mwingine hutoka mlangoni hadi kwenye gari, na kutoka kwenye gari hadi kwenye lifti. Huyu wa pili ndiye anayelengwa na mapendekezo ya WHO ya mwaka 2020: dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili.

Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Kipimo cha mwendo unaofaa ni kwamba mtu anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Abiria wa matatu ya Kangemi anaweza kushuka Museum Hill na kutembea takriban kilomita mbili hadi katikati ya jiji. Anayetoka Kawangware kwa matatu nambari 46, au Ngong kwa 111, anaweza kushuka eneo la Community na kuteremka hadi mjini. Ni vyema kufanya hivyo asubuhi, kukiwa na mwanga na watu wengi njiani, simu ikiwa mfukoni.

Kwa wikendi, Nairobi Arboretum, iliyoanzishwa mwaka 1907 karibu na Barabara ya Ikulu, ina vijia vyenye kivuli. Msitu wa Karura, wenye zaidi ya hekta 1,000, uliokolewa na wanaharakati wakiongozwa na Wangari Maathai dhidi ya wanyakuzi wa ardhi mwishoni mwa miaka ya 1990. Leo unatoa njia ndefu za kutembea mbali na moshi wa magari. Mwenye magoti mabovu aanze kwa dakika kumi kwenye ardhi tambarare na kuongeza polepole.

Hata hivyo, ukweli usemwe: kutembea nusu saa hakuchomi kalori zinazozidi sana zile za chupa moja ya soda. Anayetembea kisha akajituza kwa chipsi atashangaa mizani ikikataa kusonga. Chakula ndicho kinachopunguza uzani zaidi katika miezi ya mwanzo. Mazoezi yana kazi nyingine: hushusha shinikizo la damu, husaidia mwili kuitumia sukari, hulinda misuli isipotee pamoja na mafuta na, baadaye, huzuia uzani kurudi.

Maneno ya watu

Kikwazo ambacho madaktari hawakitaji mara nyingi ni macho ya majirani. Kwa wengi, kitambi kwa mwanamume ni ishara kuwa kazi yake inalipa, na mwili mkubwa kwa mwanamke ni ushahidi kwamba ndoa yake ina amani. Utafiti uliofanywa katika mitaa ya Korogocho na Viwandani jijini Nairobi na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa watu wengi wenye uzani uliozidi walijiona wadogo kuliko walivyokuwa.

Kinyume chake pia kipo. Miaka ambayo Ukimwi uliua wengi, kabla ya dawa kupatikana kwa urahisi, kukonda kulikuwa kama tangazo la msiba. Rais Daniel arap Moi aliutangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa Novemba 1999, na kumbukumbu ya miaka ile haijafutika. Mtu anayepunguza kilo tano leo bado huulizwa kanisani au katika mkutano wa chama: "Mama Njeri, mbona umeisha hivyo? Kwani unaugua?" Wapo walioacha njia nzuri kwa sababu ya swali hilo.

Dawa yake ni kuwaeleza watu wa nyumbani mapema kwamba ni agizo la daktari. Mpishi wa nyumba akijua, sufuria hubadilika kwa wote, na watoto pia hufaidika. Kwenye chama na harusi, kukubali kipande kimoja na kukila polepole kunamridhisha mwenyeji kuliko kukataa kabisa. Shemeji akisisitiza aongeze, jibu la heshima ni kwamba daktari amemwekea siku ya kupimwa.

Usingizi nao una nafasi yake. Anayelala saa tano usiku na kuamka saa kumi alfajiri kwa sababu ya usafiri huwa na njaa zaidi mchana, hasa ya vitu vitamu. Pasipo uwezo wa kubadilisha saa ya kuamka, runinga ya usiku ndiyo inayoweza kupunguzwa.

Tahadhari kuhusu njia za mkato

Matangazo ya kupunguza kitambi kwa siku 14 hubandikwa kwenye milingoti na kusambazwa kwa simu. Baadhi ya chai hizo ni dawa za kuharisha tu. Kinachopungua ni maji. Nyingine ni hatari zaidi. Sibutramine, dawa ya kupunguza hamu ya kula, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 baada ya kuhusishwa na shtuko la moyo na kiharusi, lakini imewahi kupatikana ikiwa imefichwa ndani ya bidhaa zinazouzwa kama za mitishamba.

Dawa mpya za sindano, kama semaglutide, ni jambo tofauti. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, waliotumia semaglutide walipunguza wastani wa takriban asilimia 15 ya uzani kwa wiki 68. Lakini ni dawa ya kuandikiwa na daktari, gharama yake ni kubwa, na wengi wakiiacha uzani hurudi. Juni 2024, WHO ilitoa tahadhari kuhusu semaglutide bandia iliyopatikana katika nchi kadhaa. Sindano inayouzwa mtandaoni bila karatasi ya daktari haifai kuguswa. Upasuaji wa tumbo nao huwafaa watu wenye unene mkubwa mno, na uamuzi wake ni wa daktari bingwa.

Wakati wa kumrudia daktari mapema

Baadhi ya wagonjwa hawapaswi kuanza peke yao. Mwenye kisukari anayetumia insulini au tembe za glibenclamide akipunguza chakula ghafla anaweza kushukiwa na sukari hadi akazirai. Dozi yake inahitaji kurekebishwa kwanza. Anayetumia dawa za shinikizo la damu akianza kuhisi kizunguzungu anaposimama, apimwe. Huenda mwili wake sasa unahitaji dawa kidogo. Asiache tembe kwa uamuzi wake mwenyewe. Mama mjamzito na mgonjwa wa figo wafuate ushauri wao maalumu.

Aidha, uzani unaopungua bila mtu kujaribu si ushindi. Ukiandamana na kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku, kiu isiyokatika au kukojoa mara kwa mara, uchunguzi wa kifua kikuu, virusi vya Ukimwi na kisukari usicheleweshwe.

Mwezi wa tatu

Anayeanza leo apange siku ya kurudi kliniki baada ya wiki 12, na aiandike kwenye kalenda ya nyumbani. Hadi hapo, ajipime mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi kabla ya chai, na kuandika nambari kwenye daftari. Kupima kila siku humvunja moyo asiyejua kuwa uzani hupanda na kushuka kwa maji na chumvi.

Kutakuwa na wiki ambazo mizani haitasonga, na kutakuwa na msiba, Krismasi au safari ya mashambani ambayo itarudisha kilo moja. Hilo si kushindwa. Mwili unaopungua huhitaji chakula kidogo zaidi kuliko awali, kwa hivyo mwendo hupungua, na baada ya miezi kadhaa hesabu hurudiwa upya. Wanaofaulu kwa miaka si wale walioanza kwa kishindo, bali wale waliorudi kwenye kijiko kimoja cha sukari siku iliyofuata sherehe.

Siku ya kliniki ikifika, nambari zile nne zipimwe tena na kuwekwa kando ya za kwanza. Aliyetoka kilo 86 hadi 82 bado ataonekana mnene kwa mpita njia, na huenda hakuna atakayemsifu. Lakini shinikizo la damu lililokuwa 148 likisomeka 138, daktari anaweza kuahirisha tembe aliyokuwa karibu kuiandika. Safari hii mazungumzo yao yatakuwa marefu kidogo kuliko sentensi moja, kwa sababu mgonjwa atakuwa ameingia na daftari.